Kurasa Sita za Barwako

Mama Barwako alituletea maziwa kwa miaka kumi na moja. Kila asubuhi isipokuwa Ijumaa alivuka mto kwa mtumbwi, akapanda ukingo hadi kwetu Ngao, akasimama mlangoni na kibuyu chake. Yeye alikuwa Muorma, sisi ni Wapokomo, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. "Mama Hope, maziwa nakuja, wewe nalala bado?" Mimi sikuwa nimelala, na yeye alijua. Ilikuwa ndiyo hodi yake.

Mume wangu Hudson ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka wa tisini na sita tulimpangisha chumba cha nyuma mzungu mmoja aliyekuja kuchunguza ndege wa mtoni. Alipoondoka alimwachia Hudson kompyuta yake ya kukunja, ile ndogo ya kuweka mapajani, kwa kuwa kwao alikuwa na nyingine mpya. Umeme hatukuwa nao. Hudson aliiwasha kwa betri ya gari, na betri ikiisha aliifunga kwenye baiskeli akaipeleka kwenye kinu cha kusaga unga, ichajiwe kwa jenereta. Alijifunza kupiga chapa kwa vidole viwili, halafu vinne, na mitihani ya shule yetu ikaanza kutoka safi kuliko ya shule jirani.

Siku moja, Julai ya tisini na saba, Mama Barwako alimkuta barazani akipiga chapa. Akaweka kibuyu chini, akatazama.

"Mwalimu, hii nakumbuka?"

"Inakumbuka kila kitu, mama."

"Hata kesho?"

"Hata mwakani."

Kisha akasema, "Basi mimi nasema, wewe naandika. Mtoto yangu iko na ng'ombe siku yote, yeye hapana kaa sikia mimi. Mimi nakufa, maneno nakufa."

Mtoto wake ndiye Dadacha. Alikuwa mtu mzima tayari, karibu wa rika la Hudson, na walijuana tangu ujana wao, enzi za kucheza mpira pale uwanja wa misheni. Alikuwa mwanawe wa pekee aliyebaki hai. Sehemu kubwa ya mwaka alikuwa mbali na mifugo, huko bara.

Basi wakaanza. Kila asubuhi Mama Barwako akishagawa maziwa alikaa kwenye kigoda chetu, Hudson akaweka kompyuta mapajani, mama akasema. Mimi nilikuwa jikoni nikisikia nusu, nusu nyingine ikimezwa na moshi na kilio cha Hope. Alisimulia ukoo wao, visima walivyochimba wazee wake, ng'ombe aliowajua kwa majina tangu utotoni, njaa, harusi yake, watoto aliozika. Wakati mwingine alicheka mwenyewe, akafuta macho kwa pembe ya mtandio. Hudson hakuwa akicheka. Alikuwa akikimbizana na vidole vyake. Mvua zilipoanza Oktoba walikuwa wamefika ukurasa wa arobaini na tatu, na mama akasema, "Bado. Mvua nakwisha, mimi narudi."

Mvua ile haikwisha. Redio iliiita El Niño. Sisi tulio karibu na mto tumezoea mafuriko, mafuriko ndiyo yanayoleta udongo wa kupandia mpunga, lakini yale hayakuleta, yalichukua. Mashamba yalikwenda, nyumba zikaenda. Tulihamia mwinuko wa hospitali na magodoro kichwani, na kompyuta Hudson aliifunga nailoni tatu akaitia ndani ya debe la mafuta ya kupikia. Baada ya maji ukaja ugonjwa. Mbuzi walitupa mimba, ng'ombe wakafa wakiwa wamesimama, na watu nao wakashikwa na homa ya damu. Mama Barwako alifariki siku chache kabla ya mwaka mpya, ng'ambo, kijijini kwao, bila mimi kumwona. Tulipata habari wiki moja baadaye. Dadacha alizipata baada ya mwezi mzima, maana barabara zote zilikuwa zimekatika na yeye alikuwa amekwama nyuma ya maji na ng'ombe waliokuwa wakimfia mmoja mmoja.

Februari alikuja kwetu. Alikuwa amekonda hata shati lilimning'inia. Tulimpa pole, akaitikia. Hudson akamwambia:

"Dadacha, mama ameacha maneno kwangu. Kurasa arobaini na tatu. Nitakuchapishia kitabu."

Dadacha alikuwa amesimama. Akakaa.

"Maneno gani?"

"Yote. Ukoo wenu. Maisha yake. Na wewe umo."

"Mimi nimo?"

"Mara nyingi."

Akasema, "Mimi sikumzika, mwalimu. Sikumfunga hata macho." Halafu akasema atakuja baada ya Idd ya kuchinja, kwa sababu kwanza lazima atafute ng'ombe waliobaki walipotawanyika. Akamshika Hudson mkono kwa mikono yake miwili. Aliondoka akiwa na kitu cha kungojea, hilo niliona.

Mwezi wa Machi kompyuta ikaanza kuugua. Hudson alikuwa ametia disketi aliyopewa kwenye semina ya walimu, na disketi ile ilikuwa na virusi. Kompyuta ikawa inawaka nusu, inaganda. Ukibahatika ikafunguka, ukiligusa faili la Mama Barwako inazimika. Hudson alimwandikia Kazungu, kijana wa Kigiriama ambaye baba yake aliwahi kuwa daktari msaidizi hapa kwetu. Hudson alimfundisha hadi darasa la nane, na sasa alikuwa chuo kikuu Nairobi akisomea mambo hayohayo ya kompyuta. Kazungu akajibu kwa kutuma, kwa dereva wa basi hadi Garsen, sidii moja na barua ya kurasa tatu. Akasema ndani ya sidii mna mtambo wa kuendeshea kompyuta unaoitwa Linux, haushikwi na virusi vile. Tuuweke ubavuni mwa ule wa zamani, kisha tuingie kupitia huo mpya tulichukue faili letu. Chini ya barua alipiga mstari: Usifute kitu, Mwalimu. Chagua tu sehemu iliyo tupu.

Shule zilipofungwa, wiki ileile ya Idd, tukakaa barazani asubuhi, betri imejaa. Hudson alikuwa na kompyuta, mimi nilikuwa na barua, kazi yangu ikiwa kumsomea. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kioo kikauliza Linux iwekwe wapi. Kilionyesha sehemu mbili za diski, moja imeandikwa hda1, nyingine hda5, na tarakimu mbele yake. Majina mengine hayakuwapo.

"Barua inasemaje hapa?"

"Inasema sehemu iliyo tupu."

"Ipi ndiyo tupu?"

"Haisemi."

Alijikuna kidevu. Akanitazama. "Wewe unaonaje?"

Mimi, ambaye sijawahi kuigusa ile mashine ila kuipangusa vumbi, nikasema, "Ya kwanza ndiyo inayotumika, bila shaka. Hiyo nyingine ni ya akiba."

"Hata mimi naona hivyo," akasema, na akabonyeza hda5.

Ilifanya kazi kwa karibu saa nzima, ikinguruma kama paka. Ilipomaliza ikasema izimwe na kuwashwa upya. Hudson akaiwasha. Kioo kikawa cheusi, na pembeni juu zikatokea herufi mbili tu: LI. Basi. Hakuna kingine. Akazima, akawasha. LI. Aliiacha hivyo tukala chakula cha mchana, tukarudi, ikawa bado ni LI, kama mtu aliyeanza kusema neno akapooza.

Kesho yake alipanda baiskeli hadi Garsen kupiga simu. Barabara ilikuwa bado ina mashimo ya mafuriko, akabeba baiskeli begani mahali pengi. Alirudi jioni ana vumbi hadi kwenye nyusi, lakini anatabasamu. Kazungu alimwambia jambo lile linajulikana. Mashine inashindwa kuhesabu mahali kitu kilipo kwenye diski, na dawa yake ni neno moja. Awashe kwa ile disketi ya dharura aliyoitengeneza wakati wa kuweka, afungue faili fulani, aongeze neno linear, kisha atoe amri ya kuandika upya. Asubuhi tukafanya. Alipoiwasha, baada ya LI zikafuata herufi nyingine mbili, LILO, na maandishi meupe yakaanza kumiminika kioo kizima kama mchele. Hudson alipiga makofi. Hope, aliyekuwa na miaka minne, akapiga makofi pia.

Maandishi yakaisha, kioo kikapepesa mara tatu, halafu kikajaa mistari. Mistari ya kijani na zambarau, imelala mshazari, inatetemeka. Ungedhani kimepasuka. Kisha kikawa cheusi kabisa, na taa ya pembeni ikawaka tu.

Hapo ndipo tulipopoteza siku. Hudson alidhani ameharibu kitu wakati wa kuweka, kwa hiyo akarudia kazi yote tangu mwanzo kwa sidii. Mistari. Akaenda kuchaji betri, akarudi, akarudia mara ya tatu, akichagua majibu tofauti kila alipoulizwa. Sasa haikuwa mistari, ilikuwa picha imekunjwa mara nne, kila kipande kwenye kona yake. Alikuwa halali vizuri. Nilimwambia, "Baba Hope, pumzika." Akasema, "Dadacha anakuja wiki ijayo. Nitamwonyesha nini?"

Akaenda Garsen tena. Kazungu alimuuliza aina ya kioo na aina ya kidude kinachochora picha ndani, akampa nambari za kuandika. Mashine ilikuwa inalazimisha kioo kionyeshe picha kubwa kuliko uwezo wake. Ilipasa iambiwe mia nane kwa mia sita, basi, isitamani zaidi. Hakukuwa na haja ya kuweka upya hata kidogo. Ilikuwa ni kurekebisha mistari michache tu.

Jumapili baada ya kanisa, Hudson aliandika zile nambari huku mimi nikimsomea tarakimu moja moja. Akatoa amri. Kioo kikapepesa, nikafumba macho. Nilipofumbua, kilikuwa cha buluu, kimetulia, safi kuliko tulivyowahi kukiona. Hudson alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka mama mkwe wangu akatoka kuuliza kuna nini. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu kabla ya mafuriko.

"Sasa tumtoe Mama Barwako," akasema.

Akafungua ile sehemu ya kwanza ya diski. Yalikuwemo mafaili mamia ya mtambo wa zamani, majina yasiyosomeka. Akatafuta. Akapata moja limeandikwa BARWAKO, akalifungua upesi. Ndani hamkuwa na hadithi. Lilikuwa dogo mno, kama bahasha isiyo na barua, lina anwani tu: maneno yenyewe yalihifadhiwa kwenye D.

"D ni nini?" nikauliza.

Yule mzungu alikuwa amepanga kompyuta yake kivyake, programu huku, kazi zake kule, na Hudson kwa mwaka mzima alikuwa akifungua kazi zake kutoka kwenye orodha iliyokuja yenyewe mbele ya macho, hakuwahi kuuliza zinalala wapi. D ndiyo ile sehemu ya pili. Ndiyo hda5. Ndiyo ile tuliyosema ni ya akiba.

Nilimwona akielewa. Mikono yake ilibaki juu ya vitufe, haibonyezi. Kile kioo cha buluu kilimwangaza usoni, kizuri, hakina ila yoyote.

Alirudi Garsen siku iliyofuata, safari ya tatu. Aliniambia kwamba Kazungu alimwacha amalize kueleza. Kisha akauliza, "Mwalimu, umeiweka mara ngapi?"

"Tatu."

"Tatu," Kazungu akarudia. Halafu akamweleza taratibu. Kinachofutwa kwenye diski hakiondoki papo hapo. Kinakuwa kama shamba lisilo na mwenyewe, linakaa hadi mtu mwingine apande juu yake. Mara ya kwanza huenda tulipanda juu ya sehemu tu. Lakini kila tuliporudia, tukipigania picha na mistari, tulipanda tena, mahali tofauti. "Usiandike chochote tena kwenye hiyo diski. Hata herufi. Washa kwa disketi tu." Akampa amri ya kuisoma diski ikiwa mbichi, tangu mwanzo hadi mwisho, na kuokota kila kinachofanana na neno.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Kwa sababu hatukuruhusiwa kuhifadhi chochote mle, nilichukua daftari la mazoezi na kalamu. Hudson aliketi kwenye kioo cheusi chenye maandishi meupe, akayapitisha polepole. Yalikuwa takataka, alama, herufi za kilugha ambacho si lugha ya mtu yeyote, kurasa juu ya kurasa. Mara moja moja neno lilitokea. Siku ya kwanza, saa nne nzima, tulipata mtihani wa hesabu wa darasa la sita na barua ya yule mzungu kwa mama yake. Karibu na alasiri Hudson akainua mkono.

"Andika," akasema. "'Mama yangu nasema ng'ombe ile nyekundu hapana uza, hii ndio nalea wewe.'"

Nikaandika. Ilikuwa ni sauti yake kabisa, kama yuko mlangoni na kibuyu.

"Halafu?"

"Halafu ni uchafu."

Dadacha alikuja siku ya pili ya kazi hiyo, asubuhi, amevaa kikoi kipya na kofia nyeupe. Alikuwa na kibuyu cha maziwa mkononi, cha kwanza kutoka kwao tangu msiba.

"Salaam aleikum, mwalimu. Mama Hope, hamjambo?"

Tulimkaribisha. Nilitangulia jikoni kuteleka chai, nikasikia Hudson akimwuliza habari za ng'ombe, nikajua anatafuta njia. Nilitoka na chai kabla haijaiva vizuri. Hudson alikuwa amesimama.

"Dadacha, kaa nikwambie. Maneno ya mama yamepotea. Nimeyafuta mimi."

Dadacha alitabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. "Yamepotea vipi? Si yako ndani ya mashine?"

"Yalikuwa ndani. Mashine iliugua, nikataka kuitibu ili nikuchapishie. Nikaweka kitu kipya juu ya mahali yalipokuwa. Sikujua. Nilibonyeza mimi mwenyewe."

"Nilimwambia mimi abonyeze," nikasema. "Aliniuliza, nikamwambia ni pa akiba."

Hudson alinitazama, lakini sikuacha. "Ni sisi wawili, Dadacha."

Hakutukana. Hakuinua sauti. Alitazama ile kompyuta juu ya meza, maandishi meupe yamesimama katikati ya kioo, akauliza kwa upole sana, "Zote?"

"Tunaokota," Hudson akasema. "Vipande vimebaki. Tumepata vichache."

"Wewe ulimsikia akisema. Miezi mitatu ulikaa naye. Nisimulie wewe."

Hilo ndilo swali tulilokuwa tukiliogopa, bila kuambiana. Hudson akasema, "Nakumbuka kidogo. Kisima. Harusi. Dadacha, nilikuwa naandika. Sikuwa nasikiliza. Niliona nitasoma baadaye."

Dadacha akaitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili. Akainuka. Nikasema, "Chai, ndugu yangu." Akasema, "Ahsante, Mama Hope, nimeshiba." Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Kibuyu cha maziwa alikiacha palepale barazani, akateremka ukingo bila kugeuka.

Hudson alikaa. Nilidhani atalia, hakulia. Alisogeza kiti mbele ya kioo akasema, "Shika kalamu."

Tulifanya kazi siku tatu zaidi, tangu asubuhi hadi betri iishe. Tulipofika mwisho wa diski tulianza tena mwanzo, tukitafuta kwa maneno tofauti, jina la mama, jina la Dadacha, ng'ombe, mto. Nilipohesabu, zilikuwa kurasa sita za daftari, na nusu ya saba. Kati ya arobaini na tatu.

Tulivuka mto pamoja kuzipeleka. Hudson hakutaka nimsindikize, nikamwambia sikumwuliza. Tulimkuta Dadacha zizini akimkagua ndama. Alitupokea kama wageni wanavyopokewa, mkewe Kadra akatutandikia mkeka kivulini mwa nyumba, akatuletea maziwa, akakaa kando na mtandio umefunika mdomo. Dadacha hakujua kusoma. Hudson akafungua daftari.

Alisoma vile vilivyokuwa, hakuviunga. Nilikuwa nimemwuliza kama tungevirekebisha kidogo vielekee, akakataa.

"'Mama yangu nasema ng'ombe ile nyekundu hapana uza, hii ndio nalea wewe.'"

"Halafu?" Dadacha akauliza.

"Hapo pamekatika."

"Soma."

"'Mwaka ile mto nahama, sisi nakaa upande ile ingine. Mpokomo napa sisi mahindi, sisi napa yeye maziwa. Watoto nacheza moja. Vita nakuja nyuma, mimi naona mkubwa tayari, mimi nasema hawa watu'"

"Hawa watu nini?"

"Hapo pamekatika."

Kadra alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Hudson aliendelea. Majina ya visima viwili, na cha tatu nusu jina. Dadacha alilimalizia hilo mwenyewe, haraka, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka. Kipande kuhusu harusi, mume amechelewa, watu wamelala na njaa. Kipande cha maneno manne tu: hapana lia, yeye nasema. Nani aliyesema, kwa nani, hatukujua.

Karibu na mwisho Hudson akasita. Nilijua amefika wapi.

"'Dadacha nazaliwa siku ya mvua. Watu yote nahama, mimi iko peke yangu chini ya mti ya miiba. Mimi nakata kitovu mwenyewe na nafunga yeye na nguo yangu na naambia yeye'"

Akaishia hapo.

"Naambia yeye nini?" Dadacha akauliza.

Ndama alikuwa akilia zizini.

"Mwalimu. Aliniambia nini?"

Nilimtazama mume wangu. Nimeishi naye miaka mingi, najua sura yake anapokuwa na jibu tayari. Alikuwa nalo. Lingekuwa jambo rahisi. Mama yeyote angemwambia nini mtoto wake mchanga chini ya mti, katika mvua, peke yao? Lingekuwa jema, na Dadacha angelala nalo hadi kufa kwake. Nami, Mungu anisamehe, nilitaka aseme.

"Sikumbuki," Hudson akasema. "Nimejaribu siku zote hizi. Nakumbuka alisimama, akafuta macho, akasema na mimi nikaandika. Lakini alichosema sikumbuki."

Dadacha aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaingia kwenye ndevu. Baada ya muda alinyoosha mkono, akachukua daftari, akauangalia ule ukurasa ingawa haukumwambia kitu. Akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho.

"Ni hapa?"

"Ni hapo."

"Hili ndilo jina langu?"

Hudson akamwonyesha. Dadacha alilifuata neno kwa kidole, herufi kwa herufi, kisha akarudisha daftari. "Soma tena hiyo moja."

Hudson akaisoma tena. Tulipoondoka Dadacha alitusindikiza hadi mtoni, kama desturi. Mtumbwi ulipokwishaondoka ukingoni nilimsikia akimwita Kadra kwa lugha yao, sauti yake ya kawaida ya kazi.

Kompyuta ilidumu miaka miwili zaidi. Hudson alikuwa fundi kwa lazima, na walimu wa Garsen wakaanza kumletea mashine zao zilizoganda au zenye kioo cheusi. Aliwasaidia wote. Kabla hajagusa chochote alimwuliza mwenye mashine kuna nini ndani ambacho hakiko mahali pengine, na kama kipo alimtaka akae chini akinakili kwa kalamu kwanza, hata ichukue kutwa. Wengine walimwona msumbufu.

Maziwa siku hizi tunanunua kwa watu wengine. Dadacha hakuja tena kwetu mwaka ule. Tulikutana naye sokoni Garsen siku za mnada wa ng'ombe, akatupa mkono sote wawili, akamwulizia Hope, akauliza mpunga umeshikaje. Hudson naye aliulizia ng'ombe, akamwulizia Kadra, na wakafika mwisho wa maswali. Walibaki wamesimama hivyo kidogo, kila mmoja akitazama upande wake, kisha Dadacha akasema ng'ombe wake wako kwenye jua kali, akaenda zake.